Miti ya boma: Dalili za hatari na wakati wa kumwita mtaalamu

DALILI ya mvua ni mawingu, na dalili za mti utakaoanguka huonekana mapema kwa anayejua pa kutazama. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako radi na upepo mkali wa Ziwa Victoria ni mambo ya kawaida, mti uliopandwa kando ya nyumba unaweza kuwa kivuli cha familia kwa miaka 30, kisha ukabomoa paa kwa dakika moja.

Mara nyingi mti kama huo hauangushwi na upepo peke yake. Upepo humaliza tu kazi iliyoanzwa zamani na mchwa, kuvu, panga au shimo la choo lililochimbwa karibu na mizizi. Kwa upande mwingine, hofu ya kuangukiwa huwafanya wenye maboma wengi kukata miti mizima isiyo na kasoro, ama kuikata vilele kwa namna inayoigeuza kuwa hatari zaidi miaka michache baadaye.

Makala haya yanaeleza namna ya kuukagua mti wa nyumbani, dalili zinazohitaji jicho la mtaalamu, kazi ambazo mwenye boma anaweza kujifanyia, na mambo ya kuzingatia kabla ya kumkabidhi mtu msumeno.

Miti na mazingira ya kando ya ziwa

Boma la kawaida kuanzia Kendu Bay na Oyugis hadi Rongo, Awendo na Kehancha huwa na miti ya aina tatu. Kwanza ni miti ya asili iliyoachwa ilipokuwa au kupandwa na wazee: siala, ober, mkuyu ambao Waluo huuita ng’owo, mkwaju na mwegea unaoitwa yago. Pili ni miti ya matunda, hasa miembe, mipera na miparachichi. Tatu ni miti ya kigeni ya mbao na kuni, mikaratusi na migrevilea ikiongoza, ambayo yote asili yake ni Australia.

Mikaratusi ina historia yake hapa. Kilimo cha tumbaku katika maeneo ya Kuria, Uriri na Suna, Kaunti ya Migori, kilihitaji kuni nyingi za kukaushia majani. Wakulima wakapanda mikaratusi kwa wingi. Mti huu ukikatwa huchipuka tena kutoka kwenye kisiki, na ndiyo sababu maboma mengi yana mikaratusi yenye mashina mawili, matatu au manne yaliyoota juu ya kisiki kimoja kikuukuu. Hatari ya mashina hayo itaelezwa hapa chini.

Udongo nao una mchango wake. Sehemu za Karachuonyo, Ndhiwa na Nyatike zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mizizi hukatika udongo unapopasuka, na hukosa hewa udongo unapojaa maji. Katika uwanda wa chini wa Mto Kuja, Nyatike, mafuriko huweza kuacha maji yakituama kwenye mizizi kwa siku nyingi.

Isitoshe, Mei 2020 Ziwa Victoria lilifurika na kuvuka kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa mwaka wa 1964, na mwaka wa 2024 maji yakaingia tena katika makazi ya ufuoni. Mti uliozamishwa mizizi kwa miezi kadhaa unaweza kusimama ukiwa na majani machache kwa muda mrefu baada ya maji kurudi, ilhali mizizi yake imekwisha kuoza. Miti ya aina hiyo kando ya ufuo, kuanzia Muhuru Bay hadi Mbita na Kendu Bay, yafaa ikaguliwe kabla ya mingine yote.

Mti hauponi kama mnyama

Kabla ya kusoma dalili ni muhimu kuelewa jinsi mti unavyokabili jeraha. Ngozi ya mwanadamu ikikatika, mwili hutengeneza ngozi mpya mahali pale pale. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyooza hairudi kuwa nzima. Kile ambacho mti hufanya ni kuijengea kuta sehemu iliyoharibika ili uozo usienee, kisha kuota mbao mpya kuizunguka.

Ufafanuzi huo ulitolewa na Alex Shigo wa Huduma ya Misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya magogo kwa msumeno wa injini ili kuchunguza uozo ndani yake, na kuuchapisha mwaka wa 1977. Utafiti wake ulibadilisha mazoea ya karne nyingi. Ulionyesha kwamba kupaka kidonda cha mti rangi, lami au saruji hakuzuii uozo, na mara nyingine huhifadhi unyevu ambao kuvu huupenda. Ulionyesha pia kwamba mahali pa kukatia tawi ni muhimu kuliko dawa yoyote.

Kwa hivyo jeraha la leo ni swali la miaka kumi ijayo. Tawi lililochanwa vibaya wakati mtoto akiwa darasa la kwanza linaweza kuwa pango ndani ya shina atakapokuwa anamaliza shule ya upili.

Ukaguzi kutoka chini kwenda juu

Wataalamu huanza ukaguzi ardhini, wala si kwenye majani. Mwenye boma anaweza kufuata utaratibu huo huo kwa kuuzunguka mti pole pole, kwanza akiwa karibu, kisha akiwa mbali kiasi cha kuuona mti mzima.

Mizizi na kitako cha shina. Dalili nzito kuliko zote ni udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa mti, hasa baada ya mvua na upepo. Maana yake ni kwamba sahani ya mizizi imeanza kung’oka. Mti wa namna hiyo ukiwa umeelekea nyumba, watu wahame upande huo siku hiyo hiyo, na mtaalamu aitwe.

Uyoga au kuvu ngumu zenye umbo la rafu zinazoota kwenye kitako cha shina au juu ya mizizi ni ishara ya uozo wa ndani. Uyoga ni tunda tu. Mwili wa kuvu umo ndani ya mbao na umekuwepo kwa miaka. Kuung’oa uyoga hakupunguzi uozo hata kidogo.

Mwenye boma akumbuke pia yaliyofanyika ardhini miaka ya karibuni. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti huwa katika nusu mita ya kwanza ya udongo, na huenea mbali kupita mwisho wa matawi. Msingi wa nyumba, shimo la choo, mtaro wa bomba, kaburi au barabara iliyochongwa na greda vinaweza kukata nusu ya mizizi bila mtu kutambua. Matokeo huonekana baada ya miaka miwili hadi mitano, wakati hakuna tena anayekumbuka mtaro ule.

Shina. Mti uliokua ukiinama tangu utotoni kwa kutafuta mwanga kwa kawaida si hatari, maana umejiimarisha kwa miaka. Unaojulikana kwa kilele kilichopinda kurudi juu. Mti uliokuwa wima kisha ukainama kwa ghafla ni jambo jingine kabisa, nao unahitaji mtaalamu mara moja.

Pango ndani ya shina halimaanishi kwamba mti lazima ukatwe. Mtafiti Claus Mattheck wa Karlsruhe, Ujerumani, aliyeanzisha mbinu ya kusoma umbo la mti kama lugha ya mwili, alipendekeza kipimo kinachotumiwa na wakaguzi wengi: ukuta wa mbao nzima uwe angalau takriban thuluthi moja ya nusu kipenyo cha shina. Kwa mfano, shina lenye kipenyo cha sentimita 60 lina nusu kipenyo cha sentimita 30. Ukuta wake mzima haufai kupungua sentimita 10. Pango likiwa na mlango mpana upande mmoja, hatari huongezeka hata kama ukuta uliobaki ni mnene.

Njia rahisi ya kupima ni kugonga shina kwa nyundo ya mti kuanzia chini hadi mahali mkono unapofika. Mbao nzima hutoa sauti kavu na fupi. Sehemu yenye pango hulia kama ngoma. Njia hii haitoi jibu la mwisho, bali huonyesha kama kuna sababu ya kumwita anayejua zaidi.

Panda za matawi. Mahali shina linapogawanyika patazamwe kwa makini. Panda pana yenye umbo la herufi U kwa kawaida ni imara. Panda nyembamba yenye umbo la herufi V, ambamo magome ya pande mbili yamebanana, haina mbao ya kuziunganisha pande hizo. Kadiri mashina hayo yanavyonenepa ndivyo yanavyosukumana. Ufa unaoanzia kwenye panda na kushuka chini ni dalili ya kuchanika kunakokaribia. Miembe mikuu yenye tanzu nzito zilizolala juu ya paa huwa na kasoro hii mara kwa mara, na uzito wa matunda wakati wa msimu huzidisha mzigo.

Kilele na majani. Matawi makavu juu kabisa huku ya chini yakiwa na majani ni ishara kwamba mizizi haiwezi kupeleka maji kileleni. Majani madogo kuliko kawaida, ya manjano, au yanayopukutika wakati usio wake, hueleza habari hiyo hiyo. Tawi kavu lenye unene wa mkono wa mtu mzima likiwa juu ya mlango, jiko, choo au mahali watoto wanapochezea, haifai lisubiri msimu ujao.

Dalili kwa kila aina ya mti

Mkaratusi. Machipukizi ya kisikini hushikilia juu ya gome la kisiki na tabaka jembamba la mbao, wala hayana mizizi ya ndani kama mti uliopandwa kwa mche. Kisiki kikioza, shina la mita 20 linaweza kubanduka zima. Inashauriwa kubakiza machipukizi mawili au matatu yaliyoota chini, karibu na udongo, na kuyaondoa mengine mapema. Mikaratusi ya kisikini iliyo mrefu kuliko umbali wake kutoka kwenye nyumba ikaguliwe kila mwaka.

Majani machanga yenye vivimbe kwenye mshipa wa kati na kwenye vikonyo huonyesha shambulio la nyigu mdogo ambaye kisayansi huitwa Leptocybe invasa. Mdudu huyu aligunduliwa Magharibi ya Kenya mwaka wa 2002. Hudhuru zaidi miche na machipukizi. Mti mkubwa hauanguki kwa sababu yake, ila hudumaa.

Mgrevilea. Utomvu unaotiririka kama gundi kutoka kwenye gome lililopasuka, pamoja na matawi yanayokauka kuanzia ncha, ni dalili za ugonjwa wa kuvu unaoshambulia zaidi miti iliyodhoofishwa na ukame au majeraha. Miti iliyo katika sehemu kavu za ufuoni huathirika kuliko ile ya nyanda za Rongo au Kasipul. Kukata matawi yaliyoathirika hadi kwenye mbao nzima husaidia iwapo ugonjwa haujafika shinani.

Mparachichi. Mti huu hauvumilii maji yaliyotuama. Majani yakififia na kuwa madogo, matawi ya juu yakabaki uchi, na vizizi vyembamba vikawa vyeusi vinavyovunjika, huenda mizizi imeoza kwa ugonjwa unaosababishwa na vimelea vya Phytophthora. Hapa anayehitajika ni afisa wa kilimo wa nyanjani, kabla ugonjwa haujavuka hadi mti wa pili.

Saiprasi. Ua la saiprasi linalogeuka rangi ya kahawia kuanzia ndani huenda limeshambuliwa na chawa wa saiprasi, mdudu aliyefika Kenya mwaka wa 1990 na kuangamiza miti mingi. Shule nyingi bado zina miti hii kando ya madarasa, na ikikauka huanza kudondosha matawi.

Miti ya asili. Ober na yago hukwanguliwa gome kwa ajili ya dawa. Kipande kidogo upande mmoja hakiui mti. Gome likiondolewa kuzunguka shina lote, chakula kinachotoka kwenye majani hakifiki tena mizizini na mti hufa, hata kama utakaa mwaka mzima ukiwa na majani. Mkuyu nao ni mti imara, lakini mizizi yake huinua sakafu na kupasua matangi ya maji. Kukata mzizi mkubwa wa mkuyu karibu na shina bila ushauri ni kuondoa nguzo inayouzuia usianguke.

Mimea inayoishi juu ya mingine. Kirukia, mmea unaojipandikiza kwenye tawi na kunyonya maji yake, huondolewa kwa kukata tawi sentimita kadhaa chini ya pale ulipojishikiza. Mmea mwingine wenye nyuzi za manjano zisizo na majani, ambao umeenea katika miji na vijiji vya Magharibi ya Kenya, hufunika nyua na miti kama wavu. Kila kipande kinachoangukia mmea mwingine huota upya. Kwa hiyo nyuzi hizo zikusanywe na kuchomwa, zisitupwe kwenye ua la jirani.

Makosa yanayofanywa nyumbani

Waya wa kuanikia nguo au wa seng’enge uliofungwa kuzunguka shina humezwa na gome mti unapokua, nao hukata njia za chakula. Kamba ya kufungia mbuzi au ng’ombe huchubua gome siku baada ya siku. Moto wa takataka, na moto wa kupikia wageni wakati wa matanga, huua gome la upande mmoja bila kuacha alama kubwa. Miaka kadhaa baadaye gome hilo hubanduka na mchwa wakaingia.

Kuhusu mchwa, wengi hudhani ndio wauaji. Kwenye mti mkubwa, mchwa kwa kawaida hula mbao iliyokwisha kufa. Njia zao za udongo zikionekana zikipanda shinani na kuingia kwenye ufa, swali la kujiuliza ni kwa nini kuna mbao iliyokufa ndani. Kunyunyiza dawa pasipo kutafuta jibu la swali hilo ni kutibu kivuli.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukata kilele. Mwenye boma huogopa urefu wa mti, humwita kijana mwenye panga au pawaso, na mti hukatwa nusu. Mti uliopoteza majani yake karibu yote hutoa kwa haraka machipukizi mengi yaliyoshikilia juu juu tu, huku vidonda vikubwa vikioza chini yake. Baada ya miaka mitano huwa na urefu ule ule wa awali, lakini matawi yake ni dhaifu na shina lina mapango. Ukweli ni kwamba mti uliokatwa kilele ni mti ulioahirishiwa ajali.

Kazi ya mwenyewe na kazi ya mtaalamu

Mwenye boma anaweza kujifanyia kazi ambayo miguu yake haiondoki ardhini na tawi lake halizidi unene wa kifundo cha mkono. Kazi hizo ni kupogoa miti michanga, kuondoa machipukizi ya kisikini, kukata virukia vilivyo chini na kuweka matandazo. Samaki mkunje angali mbichi: panda ya herufi V iliyoondolewa mti ukiwa na miaka miwili huacha kidonda cha ukubwa wa kidole gumba.

Tawi likatwe kwa hatua tatu. Kwanza, likatwe kidogo kutoka chini, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka shinani, ili lisichane gome linapoanguka. Pili, likatwe kutoka juu, mbele kidogo ya pale pa kwanza, mpaka liachane. Tatu, kigutu kilichobaki kikatwe nje tu ya kivimbe kinachoonekana pale tawi linapokutana na shina. Kivimbe hicho ndicho chenye uwezo wa kufunga kidonda. Kukikata pamoja na tawi ni kosa, na kuacha kigutu kirefu pia ni kosa. Kwa mwaka mmoja, matawi yenye majani yanayoondolewa yasizidi robo ya mti.

Mtaalamu huhitajika kazi inapohusu kupanda juu, msumeno wa injini juu ya kimo cha bega, mti ulioinama kuelekea nyumba, mti uliooza kitako, tanzu zinazoning’inia baada ya dhoruba, au mizizi mikubwa. Ngazi na pawaso havipatani. Tawi likianguka hupiga ngazi. Aidha, ua la mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok, huhitaji hadhari hata kwa kazi ndogo. Maziwa yake yakiingia machoni huleta maumivu makali na huweza kumpofusha mtu kwa muda. Anayelipogoa avae miwani na glavu, na akirukiwa aoshe macho kwa maji mengi safi kisha aende hospitalini.

Mti uliogusa au unaokaribia nyaya za umeme si kazi ya mwenye boma wala ya fundi wa kijijini. Kampuni ya Kenya Power ndiyo inayopaswa kuarifiwa ili ikate umeme kwanza. Tawi bichi hupitisha umeme, na hivyo hufanya ardhi yenye maji. Waya ukianguka, watu na mifugo wakae umbali wa mita 10 au zaidi.

Mtaalamu anapatikana wapi

Ukweli ni kwamba watunzaji wa miti waliosomea kazi hiyo ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Hata hivyo, mkazi wa Migori au Homa Bay hajakosa pa kuanzia. Ofisi za Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS) katika kaunti zina maafisa wanaoweza kuukagua mti na kushauri kama ukatwe, upogolewe au uachwe. Serikali za kaunti nazo zina maafisa wa kilimo na mazingira, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilizikabidhi utekelezaji wa sera za misitu na uhifadhi wa udongo mashinani. Kwa magonjwa na wadudu, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) ina kituo Maseno kinachohudumia eneo la ziwa.

Fundi wa pawaso ni mtu tofauti na hao. Kazi yake ni kukata, na atakayemwuliza kama mti ukatwe atajibiwa kwamba ukatwe. Ni busara mkaguzi na mkataji wawe watu wawili. Kabla ya kuafikiana bei, fundi aulizwe maswali manne: atalishusha vipi tawi bila kuangusha kitu, ana kofia ngumu na kamba, nani atalipa paa likivunjika, na mbao na kuni zitabaki na nani. Atakayependekeza kukata kilele, au kupanda kwa viatu vyenye misumari kwenye mti unaobaki, hajui kutunza miti.

Sheria inasemaje

Mti ulio katika shamba la mtu ni mali yake, lakini haki hiyo ina mipaka. Kanuni za misitu ya mashambani za 2009 humtaka mkulima awe na miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi yake. Anayesafirisha mbao au makaa kutoka shambani huhitaji kibali cha KFS, hata kama mti ulikuwa wake. Miti iliyo kando ya mito na ufuoni hufuata pia sheria za mazingira, na inafaa kuuliza kabla ya kukata.

Jambo linalosahaulika ni dhima. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye makao, Sura ya 34, humtaka achukue hadhari ya kutosha ili mgeni asidhurike akiwa kwake. Mwenye boma aliyeonywa kuhusu tawi kavu na akapuuza atakuwa na kazi ngumu ya kujitetea likimwangukia mtu. Vivyo hivyo, mti ulio mpakani uzungumzwe na jirani mapema, ikibidi mbele ya chifu au wazee, na makubaliano yaandikwe.

Kalenda ya ukaguzi

Mvua za masika huanza Machi na za vuli huanza karibu na Septemba au Oktoba. Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, ili kuwe na muda wa kutafuta mtaalamu kabla ya dhoruba. Ukaguzi wa tatu ufanywe baada ya kila upepo mkali. Mti uliopigwa na radi huenda ukaonyesha mchirizi tu wa gome lililobanduka. Mingine hupona, mingine hukauka baada ya miezi. Usikatwe kwa pupa, ila watu wasikae chini yake mpaka utakapokaguliwa. Wala chini ya mti wowote si mahali pa kujikinga mvua inapokuwa na radi.

Mti ukibidi kukatwa, mwingine upandwe, lakini mahali panapofaa: umbali usiopungua urefu utakaofikia utakapokomaa, ukipimwa kutoka kwenye nyumba na nyaya. Karibu na nyumba ipandwe miti isiyorefuka sana, kama mpera. Kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, iliyozinduliwa Desemba 2022, imewapa wengi miche. Mche unaopandwa leo hatua tatu kutoka ukutani ndio mti utakaoogopwa baada ya miaka 20.

Ukaguzi wa nusu saa mara mbili kwa mwaka haugharimu chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa aliyelala chini ya tawi kavu, huenda asiupate muda wa kuujenga.